Niliandika "See me" mara tisa kwenye daftari la mwanafunzi msumbufu, na hakuja hata siku moja

Wakuu wa humu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mnaopita kusoma comments tu, nawasalimu wote.

Mimi ni wa kusoma kimya hapa, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika kwa sababu juzi mtu aliuliza shule zifanye nini na watoto wanaovuruga darasa, nikasoma majibu mpaka mwisho. Kiboko kirudi. Wafukuzwe. Watengewe shule zao. Mmoja akasema walimu wa siku hizi ni waoga.

Nilitaka kujibu pale pale nikaona maneno ni mengi. Haya yote yalinipata mimi mwenyewe, na mahali nitakapoonekana mbaya ni kwa sababu nilikuwa mbaya. Majina ya watoto nimebadilisha. Mengine nimeyaacha yalivyo.

Mimi ni mwalimu wa kike, primary ya serikali, huku milima ya Mbooni. Shule sitaji. Mwaka juzi nilikuwa class teacher wa Grade Six, watoto hamsini na wanane, deski za wawili zinakaliwa na watatu. English, Kiswahili na CRE, somo la dini, zilikuwa zangu.

Najulikana kwa ukali. Watoto wakisikia viatu vyangu kwenye veranda, darasa linanyamaza lenyewe. Nilikuwa najivunia hilo jambo, siwafichi.

Muhula wa pili aliletwa mtoto mpya, nitamwita Syombua. Alitoka Tseikuru, kule kaskazini mwa Kitui, kwa watu wa mifugo. Baba yake alishafariki na mama alibaki kule. Msichana akatumwa huku kwetu kwa bibi yake, susu kama tunavyosema Wakamba, ili akae karibu na shule na aache kuchunga kila siku.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mrefu kuliko monitor wangu, na sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi walio upande wa pili wa bonde.

Barua yake ya transfer ilisema Grade Six. Nikamwonyesha deski ya nyuma karibu na dirisha, nikaendelea na kazi.

Wiki ya kwanza alikaa kimya. Ya pili ndiyo nikaanza kumjua.

Ule mtindo wetu wa kusoma darasani mnaujua. Kitabu kinafunguliwa, mtoto wa kwanza anasoma aya moja, wa pili aya inayofuata, hivyo hivyo mpaka mstari uishe. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo nilivyofundisha. Basi siku hiyo kusoma kulikuwa kumebakisha watoto watatu kufika kwa Syombua, mara tukasikia mbuzi analia ndani ya darasa. Mbuzi kabisa, yule wa kutafuta mtoto wake.

Darasa zima likalala chini kwa kicheko. Nilitumia dakika kumi kuwanyamazisha, kisha kengele ikalia.

Kipindi kingine cha kusoma alimfinya Kyalo wa deski ya mbele yake, mtoto akapiga nduru. Kingine akaangusha deski, vitabu vikatawanyika. Kuna siku aliiga sauti ya mwalimu mkuu akiita watu parade, vizuri hivi kwamba monitor alisimama akaelekea mlangoni. Hiyo hata mimi nilikaribia kucheka.

Kila mara nilisema, "Toka nje." Na kila mara alitoka akitabasamu.

Wakuu, lile tabasamu ndilo lililonimaliza. Mtoto ukimfukuza darasani anatakiwa atoke akiwa ameinamisha kichwa. Huyu alitoka kama mtu aliyepewa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Kiboko mnajua kilipigwa marufuku, kwa hiyo tuna adhabu zetu nyingine. Nilimpa kuokota takataka, akaokota. Nilimpa kuchota maji, akachota. Nilimpa sehemu ya kufyeka nyuma ya vyoo, kazi ambayo wavulana wa Grade Eight huifanya kwa siku mbili, akaimaliza kabla ya lunch na kuuliza kama kuna nyingine. Nikaona ananidharau.

Halafu kulikuwa na daftari lake.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa lote. Nikiandika ubaoni, ananakili kila kitu, hata ule mstari niliokosea nikaufuta nusu. Lakini nikitoa maswali ya kujibu, yeye ananakili maswali yenyewe. Swali la kwanza hadi la kumi, yamepangwa vizuri, hakuna jibu hata moja.

Kwangu hiyo ilikuwa jeuri. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: See me.

Hakuja.

Wiki iliyofuata, See me. Hakuja. Nikaandika tena na kupiga mstari chini yake. Nikaandika kwa herufi kubwa. Alikuwa anachukua daftari, anafungua, anaangalia wino mwekundu, anageuza ukurasa. Nikasema sawa, huyu ananipima, tutaona nani atachoka.

Staffroom sikukosa wa kuniunga mkono. Deputy alisema debe tupu haliachi kuvuma, tukacheka. Mwalimu mkuu akasema samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo nisimlegezee. Mwalimu wa Maths peke yake, nitamwita Musyoka, alishangaa tunamsema nani.

"Syombua gani? Huyo wangu?" aliuliza. "Huyo hesabu za mental, zile za kichwani, anamaliza kabla sijafunga mdomo. Kwangu hana shida."

Nikajua tu Musyoka ni mlegevu. Hata sikumuuliza swali la pili, kwa nini basi shida iko kwangu tu, na ndilo swali ninalojiuliza mpaka leo.

Mwishowe nikafanya kile ambacho kila mwalimu hufanya. Nikamtoa nyuma, nikamketisha deski ya kwanza, chini ya pua yangu, karibu na Mumbua. Mumbua ni jirani yao na ndiye msomaji wangu bora. Nilifikiri atamfundisha tabia.

Wiki hiyo hiyo akaja afisa wa elimu kutoka Wote kutembelea shule, na mwalimu mkuu akamleta darasani kwangu, darasa tulivu. Nilikuwa nimejiandaa. Kifungu kilikuwa cha kuhifadhi udongo, matuta na nyasi za kuzuia mmomonyoko, mambo ambayo mtoto wa Mbooni anayaona akitoka tu mlangoni. Afisa akakaa nyuma na notebook yake.

Kusoma kukaanza mstari wa mbele. Mumbua akasoma aya ya kwanza, safi kabisa, akaketi.

Nikasema, "Anayefuata."

Syombua akasimama. Hilo lilikuwa jipya, kwa sababu kusoma hakukuwahi kumfikia hata siku moja. Siku zote kitu kilitokea kabla. Sasa alikuwa wa pili na hakuwa na muda wa kuanzisha chochote.

Alishika kitabu kwa mikono miwili akakiangalia. Hilo nalikumbuka sasa. Siku ile macho yangu yalikuwa kwa mgeni.

"Soma, Syombua," nikasema kwa ile sauti ya upole ya kuonyesha wageni. "Kwa sauti."

Alirarua ule ukurasa. Akaukunja, akautia mdomoni, akaanza kutafuna.

Watoto wakapiga kelele, "Mbuzi! Mbuzi!" wengine wakipanda juu ya deski. Yeye akaendelea kutafuna akiwaangalia, na afisa akainama akaandika kitu.

Mgeni alipotoka nilimwita Syombua mlangoni. Nilikuwa nimejaa hasira na aibu. Nilisema kwa sauti ambayo Grade Five walisikia:

"Chukua mfuko wako uende. Usirudi hapa bila mama yako. Sitaki susu, nataka mama. Umenisikia?"

"Ndio, Teacher."

Siku hiyo hakutabasamu.

Hapa naomba nieleze kitu, hasa kwa wasio walimu. "Usirudi bila mzazi" kila mwalimu wa Kenya ameyasema. Tunayasema kama salamu. Mtoto analala nyumbani siku mbili, anarudi na shangazi, au na jirani aliyeombwa ajifanye shangazi. Tunafoka kidogo, mzazi anafoka kidogo, mtoto anaingia darasani. Sisi wote tunajua hayo maneno si ya kuchukuliwa jinsi yalivyo. Watoto wa hapa wanajua pia.

Syombua alikuwa mgeni. Hakuna aliyemwambia.

Jioni ile hasira ilishuka. Nikakumbuka mama yuko Tseikuru, ni safari ya siku nzima, magari ya kubadilisha. Mimi nina mdomo lakini si shetani. Nikakaa staffroom nikaandika barua, kwa Kiswahili ili susu aelewe, si kile Kiingereza cha shule. Naikumbuka neno kwa neno:

"Kwa bibi yake Syombua. Leo nilikasirika nikasema maneno makali. Mtoto hajafukuzwa. Tafadhali njoo naye Jumatatu asubuhi tuongee. Wewe mwenyewe unatosha."

Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga, nikampa Mumbua apeleke. Nikaenda nyumbani nikiwa na amani, nikijiona mwalimu mwenye moyo.

Jumatatu hawakuja. Jumanne hawakuja. Nikamuuliza Mumbua, akasema barua alimpatia susu mkononi.

Ijumaa Mumbua akaniambia Syombua ameenda kwa mama yake. Nikasema moyoni, basi, barua ya upole nimeandika, hawakutaka. Watoto kuhama huku ni kitu cha kila siku.

Na sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu ana kwa ana. Nilifurahi. Kipindi cha kusoma kilikuwa kinaisha kwa wakati. Mstari ulizunguka darasa zima bila mbuzi kulia. Muhula ukaisha, ukaanza mwingine, na sikumfikiria.

Nilikuja kumfikiria mwezi wa mtihani wa Grade Six. Mnajua darasa la mtihani linavuliwa nguo zote. Chati zinatolewa ukutani, kabati linafunguliwa, hakuna karatasi inayobaki. Nilikuwa peke yangu natoa madaftari kabatini nikakuta yake matatu, nilikokuwa nimeyatupa.

Nikakaa chini nikayafungua. Sijui kwa nini, labda ule mwandiko tu.

See me. See me. See me. Nilihesabu tisa. Na chini ya ile ya nne nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona nikisahihisha. Alikuwa ameinakili. Chini ya wino wangu mwekundu, kwa penseli, ameandika vizuri sana, See me. Alidhani ni kazi nimempa.

Nikachukua kile kitabu changu cha makosa ambamo huwa naandika tarehe, kipindi na kosa. Kulia kama mbuzi, English, kusoma. Kumfinya Kyalo, Kiswahili, kusoma. Kuangusha deski, CRE, kusoma Biblia. Ukurasa mzima. Maths hakuna. Kipindi cha michezo hakuna. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeandika jibu miezi minne iliyopita na sikuwahi kulisoma.

Mtoto hakujua kusoma hata neno. Miaka ya ukame, kule kwao, mifugo ikihamishwa na mtoto anahama nayo, na kila mwaka anasukumwa darasa linalofuata. Akajifunza kuchora maneno. Na kila kusoma kulipomkaribia alianzisha vurugu, kwa sababu vurugu ilikuwa na mlango wa kutokea. Tabasamu nililochukia lilikuwa la mtu aliyeponea.

Na mimi nikamhamishia deski ya mbele.

Jumamosi nilipanda boda boda mpaka barabara ilipoishia, nikamalizia kwa miguu kile kijia cha kwenda kwa susu yake. Nilimkuta akianika maharagwe. Mama mzee, mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Hata kabla sijakaa alianza yeye.

"Mwalimu, unisamehe kwa sababu ya ule mtoto. Najua alikusumbua. Tulimuombea hata kanisani."

Nilishindwa kumwangalia. Nikamuuliza kama alipata barua yangu.

"Nilipata." Akaingia ndani, akatoka na Biblia kubwa iliyofunikwa kwa plastiki, akatoa bahasha katikati yake. Ilikuwa bado imefungwa vile nilivyoifunga.

"Mimi sikusoma, mwalimu. Hata hii Biblia nabeba tu, nasomewa. Nikaona barua ya shule nikajua ni ile ya kufukuza. Sasa ningepatia nani asome? Wajue mtoto wa msichana wangu amefukuzwa?"

"Na Syombua?"

"Alisema umesema mama, si susu. Nikamuambia twende tu pamoja tuombe msamaha, akakataa. Akasema, Teacher amesema si wewe. Nikamtafutia mama wa kanisa wa kusafiri naye mpaka Mwingi. Ya kutoka hapo alijitafutia."

Nilifungua bahasha mbele yake nikamsomea, kwa Kiswahili na tena kwa Kikamba. Nilipofika pale pa "wewe mwenyewe unatosha" aliinua kichwa.

"Kumbe ulikuwa unaniita mimi," akasema.

Nililia kwa yule mama kama mtoto, na ni yeye aliyeninyamazisha. Aliniita mwana wakwa, mtoto wangu. Akanipa uji.

Mwalimu mkuu nilipomweleza alisema, "Madam, ni mtoto mmoja. Tuko na mia nne." Sikugombana naye. Ni kweli tuko na mia nne, na walimu hatutoshi.

Shule zilipofungwa Desemba nikaenda Tseikuru. Sikuwa nimewahi kufika. Kwetu ukiamka ni ukungu na ndizi. Kule jua linakungojea saa moja asubuhi, na ardhi ni nyekundu mpaka upeo wa macho. Mama mmoja Muislamu mwenye duka, ambaye watu wake hufanya biashara ya mifugo, aliniona nimesimama na mkoba akaniuliza natafuta nani. Nilipotaja jina akacheka vizuri.

"Syombua tunamjua. Huyo hata mbuzi ikipotea siku mbili, yeye anaileta." Akafunga duka akanipeleka mwenyewe.

Mama yake Syombua alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Hakuwa na ubaya wowote na mimi. Alinieleza kwa ufupi.

"Alifika hapa usiku akasema shule inanitaka. Mimi nilikuwa nimejifungua wiki tatu. Nikamuambia tungoje nipate nguvu. Halafu mvua ikakosa, mbuzi zikataka mtu. Kungoja ikakuwa kukaa."

Syombua alikuja saa sita, anapeleka mbuzi kwa maji. Alikuwa ameongezeka urefu, amekonda. Aliponiona alisimama mbali.

"Teacher, umekuja na chifu kunishika?"

"Nimekuja peke yangu. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mama yake akaangalia chini. Hatuna mazoea hayo, mwalimu kumuomba mtoto msamaha. Hata mimi mdomo ulikuwa mzito.

Nikatoa barua nikamsomea. Alisikiliza bila kusogea. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akakaribia akaangalia ile karatasi, akaweka kidole juu ya jina lake. Hilo alilijua.

"Lakini kwa mdomo ulisema ingine, Teacher."

Baadaye, mbuzi wakinywa, nilimuuliza kwa nini hakuniambia tu kwamba hajui kusoma.

"Ungeniambia nisome ndio uone."

Angesema kingine chochote ningejitetea. Hilo lilikuwa kweli tupu. Ningefanya hivyo hivyo, mbele ya watu hamsini na saba.

"Na ile ya mbuzi?" nikauliza. "Hukuona aibu wakikuita mbuzi?"

"Mbuzi si mjinga," akasema.

Nikamwambia turudi. Nikamwambia susu anamlilia, kitanda chake kipo. Mama yake akasema kama mtoto anataka yeye hana neno, atapata mwingine wa kuchunga mbuzi. Kwa hiyo jambo lilibaki kwa Syombua mwenyewe, na aliuliza swali moja tu.

"Nikirudi, nitasoma mbele ya watu?"

Wakuu, ningeweza kudanganya. Wenzake walikuwa wanaingia Grade Seven, junior, kila somo na mwalimu wake, na wale siwezi kuahidi kwa niaba yao. Nikimrudisha chini ambako wanafundisha herufi, angekaa na watoto wa miaka minane, yeye ana kumi na minne. Nilikuwa natafuta maneno ya kusema yote hayo kwa upole, na katika kutafuta nikanyamaza. Kidogo tu.

Ile kidogo ilitosha. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshajua.

"Sawa, Teacher. Salimia Mumbua." Akapiga mluzi, mbuzi wakainua vichwa, wakaondoka naye.

Nilimwachia mama yake kitabu cha kuanzia kusoma. Nilijua wakati namkabidhi kwamba hakuna mtu katika lile boma wa kumsomea. Nilimwachia hata hivyo.

Hiyo ndiyo habari yangu. Majuto ni mjukuu, na wangu nambeba kila nikiingia darasani.

Sijaja kuwaambia mapenzi yanatosha. Mtoto mmoja akivuruga, hamsini na saba wanapoteza kipindi, na wazazi wao pia wana haki ya kuniuliza. Ukali bado ninao. Lakini siku hizi mtoto akinivuruga, kabla sijamwambia toka nje, najiuliza kulikuwa na kazi gani iliyokuwa inamkaribia. Nikiona anafurahi kutoka, najua nimemsaidia kukimbia. Na wiki za kwanza za mwaka kila mtoto ananisomea peke yake wakati wa break, nje, hakuna wa kucheka. Inachukua karibu mwezi na lunch yangu inapoa. Mwaka jana nilipata wanne wasiojua neno, Grade Six. Wawili ndio walikuwa wale wapiga kelele. Wawili hata sauti zao sikuwa nazijua.

Kufukuza mtoto aende kuleta mzazi niliacha kabisa. Nikitaka mzazi, naenda au napiga simu.

Walimu mlioko humu, nyinyi mnafanyaje? Na kama wewe ndiye ulikuwa yule mtoto, uliyekuwa unatolewa nje kila siku, tuambie ulikuwa unakimbia nini. Matusi pia leteni, nitayasoma yote.

Ombi moja la mwisho. Kama kuna mtu wa Tseikuru hapa, na unamfahamu msichana mrefu anayechunga, anayeweza kuita mbuzi mpaka aitike, mwambie mwalimu wake wa Mbooni amepata jibu la swali lake. Nimeongea na wenzangu wa junior, na Musyoka amekubali kunisaidia kumfundisha, na mimi nitakuwa naye kila jioni. Hatasoma mbele ya mtu yeyote mpaka atakapotaka mwenyewe.

Tafadhali usimpe simu asome hapa. Mwambie kwa mdomo.